Taveta na Rombo: nani hasa alitugawa?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Taveta, kwa sasa nafanya kazi Mombasa. Marehemu babu alikuwa Mtaveta. Nyanya yangu ni Mchaga wa Rombo, ng'ambo Tanzania, aliolewa huku kwetu miaka ya hamsini. Shuleni tulifundishwa kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa. Nyumbani wazee wanasema zamani hapakuwa na mpaka kabisa, tulikuwa watu wamoja, Mzungu akaja akatukata. Nyanya anakaribia miaka 90 na ameanza kusahau. Nataka kuandika historia yetu kabla hajaondoka nayo, lakini sijui nianzie wapi wala nimwamini nani. Tena upande wa Rombo wanasema ana kipande chake cha kihamba, yaani shamba la ukoo, na binamu zangu wananisukuma nikaimalize habari hiyo. Na nikienda nyumbani siku hizi naona soko limechangamka lakini mji umepoa, malori yanapita tu. Je, sisi watu wa mpakani tunakwisha?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini naona yote yanatoka kwenye dukuduku moja: nani hasa aliigawa familia yenu, na kama waliogawanywa bado ni kitu kimoja. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, na habari ya shamba nitaiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoweza kukuingiza matatani.

Tuanze na zawadi ya Malkia. Hadithi hiyo ni tamu na walimu wengi wameipokea kwa walimu wao, ila tarehe zinaikataa. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyochora mstari huo ni ya mwaka 1886, mwezi wa Oktoba kuingia Novemba. Mjukuu wa Victoria, Wilhelm wa Pili, alitawazwa Kaisari wa Ujerumani Juni 1888. Mwaka 1886 mwenye kiti cha enzi Berlin alikuwa babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza, na mwenye kauli alikuwa kansela wake, Bismarck. Wala mlima haukuwa mali ya Victoria hata autoe. Aliyekuwa akiudai wakati ule ni Sultani Barghash wa Unguja.

Kilichoupinda mpaka ni karatasi ambazo mabwana wachache walizikusanya kwa machifu katika muda wa miezi michache. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Kilimanjaro akisema amekuja kuchunguza mimea na wanyama. Alipokuwa Taveta alijipatia mkataba wa ardhi kwa wazee wa pale, na karatasi hiyo ikaishia kwa mfanyabiashara wa Manchester, James Hutton. Mwaka uliofuata Barghash alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, akapandishe bendera ya Unguja na kupata ahadi za utii kwa wamangi, yaani machifu wa Wachaga. Wiki chache baadaye akaja Mjerumani Karl Jühlke, mwenzake na Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, akamwekesha sahihi Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye vitabu vya Wazungu humwita Mandara. Mangi huyo alikuwa amekwisha kumkubalia Sultani, akamkubalia na Mjerumani pia. Mimi simlaumu. Kila mgeni alikuja na zawadi, na hakuna aliyemweleza kwamba maneno yale yatasomwa Ulaya kama hati ya kuuza nchi.

Basi walipokaa kugawana, Mwingereza alikuwa na karatasi ya Taveta na Mjerumani ana ya Moshi. Makubaliano yenyewe yanasema mstari unaanzia mdomo wa mto Umba pwani, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, unalizunguka kwa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, unauzunguka mlima chini kwa upande wa kaskazini, halafu unanyooka hadi Ziwa Victoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mkataba wa 1890 uliyarudia maneno hayohayo. Mwaka 1892 Peters kwa upande wa Wajerumani na konseli Smith kwa upande wa Waingereza walitembea kutoka pwani hadi mlimani kuyatafuta maneno hayo ardhini, na matokeo yakatiwa sahihi 1893.

Yasome tena yale maneno "katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga". Hapa ndipo wazee wako nao wanahitaji kusahihishwa kidogo, kwa heshima. Mstari ule haukuchorwa juu ya watu wamoja. Wataveta waliishi ndani ya msitu wa mto Lumi, na msitu ndio uliokuwa ngome yao dhidi ya Wamasai. Wasafiri wa karne ile, Joseph Thomson na Johnston miongoni mwao, wameandika jinsi njia za kuingilia zilivyokuwa nyembamba na zimezibwa kwa magogo, mtu akiingia kwa kuinama. Ndani mlikuwa na migomba, maji ya kutosha na amani, ndiyo maana misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilipiga kambi hapo wiki nzima kupumzika na kununua vyakula. Walijitawala kwa baraza la wazee na marika, hawakuwa na mangi. Kitaveta chenyewe kiko karibu zaidi na Kipare kuliko Kichaga. Kwa hiyo watu wa Taveta na watu wa Rombo walijua vizuri nani ni nani.

Ila walichokijua wazee ni cha kweli kwa namna nyingine: kutofautiana hakukuwazuia kuchanganyika. Wataveta wenyewe ni mkusanyiko wa waliokimbia njaa na vita kutoka Upareni, Uchagani, Taita, Ukambani na kwa Wamasai waliopoteza ng'ombe wao. Mtu alifika, akapokewa, akaoa, wajukuu wakawa Wataveta. Rombo nako wamangi walipigana wao kwa wao, na aliyeshindwa alijua njia ya kuteremka. Mpaka wa aina hiyo ulikuwa na mlango na mwenye mlango, na ukimheshimu unapita.

Nyanya yako anaijua mipaka ya namna hiyo kwa mikono yake. Muulize kuhusu masale. Kihamba cha Mchaga hakina ukuta. Pembeni kumepandwa masale, yale majani marefu ya kijani yanayosimama kama yanachungulia, na ndani yake kuna migomba, kahawa chini ya kivuli chake, mfereji unaopita kwa zamu, na makaburi ya waliotangulia. Kung'oa sale la jirani ni kosa kubwa. Na jani hilohilo, mtu akikosea, hulifunga fundo akaenda nalo kuomba msamaha, na anayelipokea hawezi kuendelea kununa. Nguzo ya zege ya serikali inaonyesha tu ardhi inaishia wapi.

Sasa nani aliwagawa? Kwa maoni yangu mstari wa 1886 peke yake uliwagawa kidogo sana. Miaka mingi baada ya Peters na Smith kuondoka, mwanamke wa Rombo aliteremka na ndizi zake Taveta bila kujua amevuka kitu. Waliowagawa ni waliokuja kujenga nchi mbili tofauti nyuma ya mstari huo, na walifanya hivyo kwa awamu.

Ya kwanza ni vita. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, wakaishikilia hadi Machi 1916. Ni mahali pachache sana katika ardhi ya Waingereza palipokaliwa na Mjerumani muda mrefu hivyo. Februari 12, 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma vibaya pale kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, jeshi la Waingereza lilipenya kwenye vilima vya Latema na Reata. Wageni huonyeshwa mbuyu wa Salaita na kusimuliwa habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akidungua askari. Hiyo iweke pamoja na zawadi ya Victoria. Makaburi ya askari Taveta mjini yametunzwa vizuri. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yale, ambao ndio walikufa kwa wingi zaidi kwa njaa na magonjwa, hawana safu za mawe yenye majina yao. Kama ukoo wenu una jina la mtu "aliyekwenda vitani hakurudi", huenda kwako ndiko mahali pekee lilipobaki. Liandike.

Baada ya vita, ajabu ni kwamba mpaka ulilegea. Mwingereza alizishika pande zote mbili, reli iliyojengwa haraka wakati wa vita kutoka Voi ikaunganishwa na ile ya Moshi, na kuanzia miaka ya 1920 mwanzoni shilingi ikawa moja pande zote hadi 1966. Ukitazama forodha na fedha tu, utasema hicho ndicho kipindi mpaka ulipokuwa umelala.

Lakini tazama ardhi. Upande wa Kilimanjaro wakulima wa Kiafrika walipanda kahawa yao wenyewe, wakaunda chama chao mwaka 1925, na kutoka hicho kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Mchaga mwenye kihamba cha ekari mbili alipeleka kahawa yake sokoni kwa jina lake, akasomesha mtoto, akaezeka bati. Upande wa Kenya serikali ya walowezi ilimzuia Mwafrika kulima kahawa kwa miaka mingi na kulegeza kidogo kidogo tu, mpaka miaka ya hamsini. Utaniambia Taveta ni chini mno, kahawa haiwezi. Kweli. Ila chini kulikuwa na jambo lake: mkonge. Ardhi nzuri ya Taveta iliingia mikononi mwa mashamba makubwa, mwenye kujulikana zaidi akiwa Ewart Grogan, yule aliyejijengea jumba juu ya kilima ambalo watu wanaliita ngome yake hadi leo. Watu wakaja kufanya kazi kutoka Ukambani, Nyanza, Taita, hata Tanganyika. Kwa hiyo nyanya yako alipoteremka kuolewa alitoka mahali ambapo familia ilikuwa na udongo wake na ushirika wake, akaingia mahali ambapo wengi walikuwa wakiishi pembezoni mwa shamba la mtu. Umbali ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Tofauti hii ndiyo iliyozaa migogoro ya maskwota Taveta mpaka kizazi chenu.

Kisha ukaja uhuru na uraia. Sheria ya Tanganyika mwaka 1961 na ya Kenya mwaka 1963 zilifanana: uwe umezaliwa ndani ya nchi, na mzazi wako mmoja awe amezaliwa humo. Swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mama wa Rombo, kwamba alijifungulia upande gani wa mstari, likawa ndilo linaloamua mtoto ni wa nani. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuamka wakiwa raia wa nchi mbili. Na Kenya haikuwaandikisha wanawake vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya sabini, hivyo usishangae nyanya akikosa karatasi yoyote ya miaka yake ishirini ya kwanza ya ndoa.

Mpaka wenyewe, ule unaouma, naona ulizaliwa Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, baada ya Moi, Nyerere na Obote kukubaliana Arusha namna ya kugawana mali za Jumuiya iliyokufa. Karibu miaka saba. Upande wa Rombo sukari, sabuni na mafuta ya kula vikaadimika; upande wa Taveta vipo dukani. Unaweza kukisia kilichofuata. Njia za panya, ambazo zamani zilikuwa njia tu, zikawa kosa la jinai. Mama aliyebeba miche ya sabuni ya kuuza alikuwa mlanguzi, na 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, jina hilo halikuwa mzaha. Watu walizikwa bila ndugu zao wa ng'ambo kuhudhuria. Kama unataka kumfungua nyanya mdomo, anzia mwaka huo. Wazee wa rika lake wanaokumbuka machache kuhusu Mwingereza wanaukumbuka 1977 siku kwa siku.

Hapo tunafika kwenye swali lako la malori. Jumuiya mpya ilitiwa sahihi 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010, na kituo cha pamoja cha Holili, upande wa Tanzania, na Taveta kikazinduliwa 2016. Utaratibu wake ni rahisi: maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unahudumiwa upande unaoingia tu, unasonga. Lori ambalo lingelala usiku mmoja au mbili likingoja mihuri sasa linapita. Hiyo ni nafuu kwa mwenye mzigo, na ni hasara kwa mwenye gesti, mama lishe, kijana wa kujaza fomu na wakala aliyeishi kwa foleni. Mji wa mpakani hula kwenye ucheleweshaji, na ucheleweshaji ukipungua lazima sahani ipungue. Lami ya kutoka Voi nayo imeongeza mwendo. Hulaumiki kuona mji umepoa.

Soko ni habari tofauti. Jumatano na Jumamosi Taveta bado inalisha watu: mahindi na maharage kutoka ng'ambo, ndizi za Lumi, vitunguu, nguo, shilingi za aina mbili zikibadilishwa mkononi. Na mfanyabiashara mdogo ana haki ambayo wengi hawaijui: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya Jumuiya na zilizozalishwa Afrika Mashariki, unavushwa kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale kituoni, bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine na karatasi za afya ya mimea zinabaki. Hata hivyo kina mama wengi bado wanampa bodaboda awapitishe porini, kwa kuogopa ofisi, na huko ndiko wanakopoteza gunia zima.

Kwamba mnakwisha? Sioni hivyo, lakini sitakudanganya kwamba utulivu ni wa kudumu. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho mkoani Kilimanjaro. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya iliufunga mpaka kwa watu, ikaacha mizigo tu. Machi 2021 ilizuia mahindi ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ikalegeza siku chache baadaye. Kila mara amri ilitoka mji mkuu, na kila mara watu wa Taveta na Holili ndio waliolala na gunia barabarani. Mpaka huu haufi, hukaza na kulegea, na anayeishi juu yake hujifunza kuweka akiba na kuweka shemeji pande zote mbili. Linalonitia wasiwasi zaidi ya malori ni maji: Jipe linajaa tope na magugu, na Lumi, Chala na chemchemi zenu zinategemea mlima ambao misitu yake iko nchi nyingine. Hilo halina kituo cha pamoja.

Kuhusu kuandika historia, usisubiri upate likizo ndefu. Rekodi kwa simu, dakika ishirini kila unapokwenda, asubuhi akiwa hajachoka. Usimuulize mwaka, muulize alikuwa mkubwa kiasi gani nzige walipokuja, nani alikuwa mangi, alivuka na nani siku ya kuolewa na walipita wapi. Mwache aseme majina ya mashamba na mifereji kwa Kichaga. Akijipinga, andika yote mawili. Baada ya hapo ndipo uende kwenye karatasi. Parokia za Rombo zina vitabu vya ubatizo vyenye majina ya wazazi. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Rombo kabla ya karne ile kwisha. Taveta kulikuwa na misheni ya Kianglikana iliyochapa jarida lake, *Taveta Chronicle*, kuanzia 1895, na nyaraka za misheni hiyo zimehifadhiwa Birmingham. Ripoti za maofisa wa wilaya ziko Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zisome ukikumbuka kwamba aliyeziandika alitaka kupandishwa cheo.

Sasa kihamba. Hapa usinisikilize mimi wala binamu zako. Tanzania hairuhusu raia wake mtu mzima kuwa na uraia wa pili, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Kwa hiyo kila kitu kinategemea nyanya ni raia wa wapi kisheria, aliupata lini, na kama alijiandikisha Kenya kwa ndoa au alipewa tu kitambulisho. Hilo litasemwa na wakili wa Moshi aliyeona karatasi zake, pamoja na ofisi ya uhamiaji, halafu baraza la kijiji na ukoo. Usinunue, usiuze, usiandikishe kwa jina la binamu "kwa muda", na usimwekeshe nyanya dole gumba kwenye karatasi yoyote wakati huu anapoanza kusahau. Ikiwa kusahau kwenyewe kunaongezeka, mpeleke hospitali kwanza. Daktari atajua kama kuna kinachotibika, na maandishi yake yatamlinda mtu yeyote akija baadaye kudai kwamba alikubali.

Ukienda Rombo kuwaona wajomba, pita kituoni na pasipoti au kibali cha muda, na mchukulie nyanya chake mapema. Na ukikuta pana ugomvi wa zamani, mwulize yeye sale linafungwaje.